Maswali ya Wasomaji: Maridhiano na Wenyeji Asilia katika Shule za Kanada

SWALI: Nafundisha darasa la 4. Tarehe 30 Septemba shule nzima huvaa fulana za rangi ya chungwa. Ikifika Oktoba hakuna anayekumbuka. Nataka kufundisha habari za shule za bweni bila kuwatia watoto hofu. Nianzie wapi?
Mwalimu, Winnipeg

JIBU: Anzia kwenye neno lenyewe, mwalimu. Kwetu tunaosema Kiswahili, "bweni" huleta picha ya mzazi aliyejinyima ili alipe karo mwanawe asome. Zile za Kanada hazikuwa hivyo hata kidogo. Serikali ilizigharimia, makanisa yakaziendesha, na tangu 1920 mzazi aliyekataa kumtoa mtoto aliweza kushtakiwa. Watoto wapatao 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, yaani makundi matatu ya Wenyeji Asilia wa Kanada, walipitishwa humo, wakikatazwa lugha za kwao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Usipolitengua neno hilo mapema, atakuwepo mtoto atakayeuliza watu wanalalamikia nini, na kosa halitakuwa lake.

Hata hivyo, somo la shule za bweni lisiwe la kwanza. Tenga wiki mbili kwanza kwa watu walio hai: majina ya mataifa yao kama wanavyojiita wenyewe, lugha zao, kazi wanazofanya leo mjini humo. Mtoto akikutana nao mara ya kwanza kama wahanga, picha hiyo haimtoki. Winnipeg unao pia Mkataba Namba 1, uliotiwa saini Agosti 1871 kati ya Ufalme wa Uingereza na Waanishinaabe na Wakrii. Malipo ya kila mwaka chini ya mkataba huo yalipandishwa hadi dola 5 kwa mtu mwaka 1875, na hadi leo ni dola 5 zile zile. Lipe darasa lako hesabu hiyo: dola 5 zilinunua nini wakati ule, zinanunua nini sasa? Watoto wa miaka tisa huelewa haraka mno.

Ndipo uingie kwenye shule zenyewe. Kwa umri huo kisa cha Phyllis Webstad, ndicho chanzo cha fulana zenu za Septemba, kinatosha: mwaka 1973, akiwa na miaka 6, alivuliwa fulana mpya ya rangi ya chungwa aliyonunuliwa na bibi yake, siku yake ya kwanza katika shule karibu na Williams Lake. Ripoti ya Dkt. Peter Bryce ya mwaka 1907, iliyoonya juu ya vifo vya kifua kikuu katika shule hizo, iache kwa darasa la 7 na kuendelea. Habari za udhalilishaji wa kingono ni za sekondari, mshauri wa wanafunzi akiwepo.

Yanayoharibu somo ni mawili hasa. La kwanza ni kuwaigizisha watoto "kuchukuliwa kutoka nyumbani". Darasani huenda yumo mjukuu wa manusura, na kwake hilo si mchezo. La pili ni kumgeukia mtoto wa Wenyeji Asilia ili awaeleze wenzake. Familia zipe taarifa wiki moja kabla.

SWALI: Tunataka kumwalika mzee wa Kikrii azungumze na wanafunzi. Tufuate utaratibu gani?
Mkuu wa idara, Edmonton

JIBU: Pitia ofisi ya elimu ya Wenyeji Asilia ya wilaya yenu ya shule, wiki tatu au nne kabla, na uulize desturi za mzee huyo kwanza. Kwa Wakrii wengi ombi huambatana na tumbaku, nayo hutolewa wakati wa kuomba, akiipokea, amekubali. Usimpelekee Mwinuit tumbaku ukidhani desturi ni moja.

Bahasha ya malipo iwe tayari siku hiyo hiyo. Kumjazisha mzee fomu kisha kumngojesha miezi miwili ni kumvunjia heshima, na habari husambaa. Mpangieni usafiri, na mwanafunzi wa kumpokea mlangoni. Akitaka kufukiza majani matakatifu, mtunza majengo ajulishwe mapema kwa sababu ya ving'ora vya moshi. Msirekodi bila ruhusa. Na msimsukume asimulie hadithi fulani: zipo zinazosimuliwa theluji ikiwa imeanguka tu.

SWALI: Mwanangu wa darasa la 10 anaambiwa hatahitimu bila somo la Wenyeji Asilia. Sisi ni wahamiaji. Linatuhusu?
Mzazi, Surrey

JIBU: Linawahusu, mama. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015. Wa 62 ulitaka somo hili liwe la lazima tangu chekechea hadi darasa la 12; wa 94 ulitaka kiapo cha uraia kitaje mikataba na Wenyeji Asilia, na tangu 2021 kinataja haki zao, zikiwemo za mikataba. Tena sehemu kubwa ya British Columbia, mkoa wenu, haikuwahi kutolewa kwa mkataba wowote.

Sharti lilianza mwaka wa masomo 2023/24: krediti 4 kati ya 80 za kuhitimu. Hazimwongezei mzigo akichagua vizuri. Kozi ya "English First Peoples" ya darasa la 12 hutimiza sharti hili pamoja na lile la Kiingereza kwa mpigo mmoja. Amwone mshauri wa masomo kabla ya kuchagua kozi za mwaka ujao, kwani si kila shule huifundisha kila mwaka.