Nyundo inanipasulia bangili: je, ninunue seti mpya?

SWALI

Shikamoo fundi. Huu ni mwaka wa pili natengeneza bangili na pete hapa Tanga, nyingi za shaba ya njano na chache za fedha. Wateja wanapenda zile zenye vishimo vya nyundo, zinazometameta kama bahari ya saa nne asubuhi. Natumia nyundo ya seremala na nyingine ndogo yenye kichwa cha duara, zote za sokoni. Nina shida tatu. Bangili za shaba zinapasuka pembezoni, hata nikizichoma moto kwanza. Nyundo inaacha alama kama mwezi mwandamo badala ya vishimo. Na pete ya fedha niliyompimia mteja kidole, nikishaigonga vishimo inampwaya. Kuna mtu amenionyesha seti ya nyundo tisa za kisonara kutoka nje; bei yake ni mauzo yangu ya miezi miwili. Ninunue?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usinunue. Ukinunua leo utakuwa na nyundo kumi na moja na shida zile zile tatu.

Anza na jambo hili, maana mengine yote yanatoka humo. Tupa inakula, msumeno unakula, msasa unakula. Nyundo haili kitu, inahamisha. Fedha uliyoigonga ikawa nyembamba haijapungua hata chembe, imekwenda pembeni. Kwa hiyo kila ukiinua mkono jiulize: hii fedha naituma wapi?

Pete yako imejibu swali hilo bila kuulizwa. Uliifunga na kuilehemu kwanza, ukaivika kwenye chuma cha pete, ukaanza kugonga. Kila pigo lilikondesha mahali pake na kurefusha mzunguko. Pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 17 ina mzunguko wa milimita 53 hivi. Ongeza asilimia 5 tu, na kipenyo kinakaribia 18. Hiyo tayari ni pete ya kidole kingine. Masonara huutumia ujanja huu makusudi mteja akileta pete inayombana. Wewe umeutumia bila kukusudia.

Tiba yake ni kugeuza utaratibu. Piga vishimo kwenye ukanda ukiwa bado bapa, na uache urefu wa ziada. Ukimaliza nakshi ndipo upime, ukate, ukunje na ulehemu. Kunja kwa nyundo ya mbao au ya mpira, kwa sababu hiyo ni laini kuliko fedha: inapindisha bila kukondesha na haifuti vishimo. Kumbuka pia kwamba moto wa lehemu umelainisha pete nzima. Irudishe kwenye chuma cha pete uizungushe kwa mapigo ya nyundo ya mbao mpaka ikaze, la sivyo mteja ataikunja kwa kubeba ndoo ya maji.

Na kama nakshi lazima ije mwisho, tumia nyundo yenye mdomo mrefu kama patasi butu. Mdomo huo husukuma fedha kuelekea pande zake mbili bapa, si kuelekea ncha zake. Ukiulaza kufuata mzunguko wa pete, fedha inatanuka upana na urefu unabaki karibu vile vile. Ukiulaza kukata upana, pete inakua mbio. Kichwa cha duara hakina huruma hiyo, kinasukuma kila upande.

Miezi miandamo ni shida ndogo. Nyundo ya seremala ina uso bapa na ukingo mkali, imeumbwa kwa msumari. Kiwiko chako kikilala kidogo tu, ukingo unagusa kabla ya uso na kukata hilali. Nyundo ya kisonara ya kusawazishia inaonekana bapa, lakini ukiiweka rula utaona katikati imetuna kidogo sana. Mtuno huo ndio unaosamehe mkono. Unaweza kuutengeneza mwenyewe. Ondoa ukingo kwa jiwe la kunolea, na kama unatumia mashine ya kusaga, chovya nyundo kwenye maji kila mara. Chuma kikigeuka rangi ya bluu ugumu wake umeondoka. Kisha msasa namba 240, 400, 600, 1000, na mwisho dawa ya kung'arishia juu ya kipande cha ngozi, mpaka ujione sura.

Si urembo. Nyundo inapiga chapa. Mkwaruzo wowote ulioko usoni mwake utauona kwenye fedha, mara mia kwa bangili moja. Hicho kichwa chako cha duara cha sokoni nina hakika kina makovu ya kiwandani. Yafute na vishimo vyako vitaanza kuwaka. Ukishajua hivyo, unaweza kuigeuza dosari kuwa kazi: chukua nyundo nzee, ichore uso kwa tupa au mashine, na kila pigo litaacha mistari ile ile. Nina tatu za namna hiyo, na hakuna niliyoilipia zaidi ya bei ya chuma chakavu.

Hukuniambia unagongea juu ya nini. Juu ya gogo, bamba linazama na kuwa bakuli. Juu ya chuma, linakonda na kutanuka. Kwa vishimo unataka chuma kizito, kinene, chenye uso laini kama wa nyundo, kwa sababu makovu ya fuawe, yaani hicho chuma unachogongea juu yake, nayo yatahamia upande wa ndani wa bangili. Kipande cha reli kinafaa sana, ila uwe na uhakika kimetoka wapi, usije ukaitwa polisi kwa ajili ya bangili. Kipande cha ekseli ya lori kilichosawazishwa kinatosha. Weka kandambili kuukuu chini yake, majirani watakushukuru. Na usiwahi kugonga nyundo kwa nyundo, wala kutumia nyundo moja kama fuawe ya nyingine. Vyuma viwili vilivyokazwa vikigongana vinatema vipande, na vipande vinatafuta macho. Miwani, tafadhali.

Sasa nyufa. Hapa nitakaa.

Kwanza nataka kujua shaba yako imetoka wapi. Kama umeinunua kwa fundi wa kumimina, aliyeyeyusha koki za maji, kufuli na vitasa, basi kosa si lako. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ile ya koki na kufuli huongezwa risasi (risasi ya madini, ya bunduki itakuja baadaye), mara nyingi asilimia 2 hadi 3, ili ikatike vizuri kwenye mashine. Risasi haichanganyiki na shaba. Inakaa ndani yake kama punje punje, na kila punje ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Zaidi ya hapo, zinki yake ni nyingi, karibu asilimia 40, na hilo peke yake linaifanya iwe ngumu kufuliwa ikiwa baridi. Unaweza kuichoma moto mara kumi, itakuvumilia kidogo, kisha itapasuka. Vitu vizuri vimetengenezwa kwa shaba hiyo, ila ni vya kumimina na kung'arisha. Kuifua baridi ni kuionea. Na anayeiyeyusha akae mahali penye upepo: moshi mweupe ule ni zinki, unaleta homa usiku, na risasi ikiingia mwilini haina haraka ya kutoka.

Kwa kufua, tafuta bamba la kiwandani lenye shaba sehemu 70 na zinki 30, au 63 kwa 37. Au tumia shaba nyekundu ya nyaya nene za umeme, ambayo ni karibu safi kabisa na inafulika kama unga uliokandwa vizuri. Mazoezi yako yote fanyia humo. Ni rahisi kupatikana, na inaonyesha kosa waziwazi.

Pili, moto. Watu wengi huingia kwenye kazi hii wakiwa na picha ya mhunzi akilini. Mhunzi hupiga chuma kikiwa chekundu, na akitaka kukikaza hukitumbukiza majini. Sonara anafua fedha na shaba zikiwa baridi, na akitumbukiza bangili ya moto majini haikazi, inabaki laini. Kinachokaza fedha ni nyundo yenyewe. Kila pigo linavuruga mpangilio wa chembe zake, mpaka zinafika mahali haziwezi tena kuteleza, ukiendelea, zinaachana. Moto unazipanga upya. Kwa hiyo kuchoma mara moja mwanzoni, kama unavyofanya, hakutoshi. Ni kufua, kuchoma, kufua, kuchoma, mara nne au tano kwa bangili nene.

Utajuaje muda umefika? Sikiliza. Fedha laini inalia kwa sauti nzito, iliyofifia. Ikianza kukaza, sauti inapanda, inakuwa kama kengele, na nyundo inaanza kukurukia mkononi. Hapo acha. Mwalimu wangu alikuwa akiniita kutoka chumba cha pili, "Choma hiyo!", bila kuiona.

Na uchome kivulini. Juani huuoni wekundu, unaongeza moto, unapitiliza. Fedha ya 925 (sehemu 925 kwa elfu ni fedha, zilizobaki kwa kawaida ni shaba) inalainika kwenye nyuzi 600 hadi 650 za Selsiasi, wekundu hafifu unaouona gizani tu. Ikikaribia nyuzi 800 inaanza kuyeyuka. Kama hujiamini, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito isiyofutika. Wino ukitoweka, ondoa moto. Ukichoma kwa muda mrefu kupita kiasi, chembe zinakua, na pigo linalofuata linaacha uso kama ganda la chungwa. Shaba ya njano nayo usiitumbukize majini ikiwa nyekundu. Subiri wekundu uishe, maana mshtuko wa maji unaweza kuipasua hata kabla ya nyundo. Kisha ondoa weusi kwa maji ya moto yenye ndimu nyingi au asidi ya sitriki, suuza, kausha kabisa. Ukigonga juu ya weusi unaushindilia ndani. Usitumie koleo la chuma kutolea vitu humo. Fedha yako itatoka na rangi ya waridi, maana shaba iliyoyeyuka kwenye asidi inairukia.

Tatu, kingo. Kwenye bamba zuri ufa kwa kawaida hauanzii katikati, unaanzia kwenye jino dogo lililoachwa na msumeno au mkasi. Kabla ya pigo la kwanza, pitisha tupa na msasa kingo zote mpaka kidole kisikwaruzwe. Ukiona ufa mdogo, usiupige ukitumaini utajifunga. Ukate kwa tupa mpaka usionekane tena, choma, ndipo uendelee.

Kuna ufa wa nne ambao bado hujakutana nao, na utakapokuja utakuaibisha, kwa sababu utatokea nyumbani kwa mteja. Shaba ya njano iliyofuliwa sana na kuachwa imekaza ina mvutano uliofungwa ndani yake. Ikikutana na amonia na unyevu, inapasuka yenyewe, hata baada ya miezi. Waingereza waliliona hilo India: maganda ya risasi za bunduki yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka msimu wa mvua, na baadaye ikajulikana kuwa amonia ya mkojo wa farasi ndiyo iliyofanya kazi. Siku hizi amonia iko kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo na vyombo. Ukimaliza bangili, iweke kwenye ovena ya kawaida nyuzi 250 kwa saa moja. Mvutano unatoka, ugumu unabaki. Itabadilika rangi kidogo, ing'arishe.

Kwa fedha, mambo ni mepesi zaidi, isipokuwa ukiletewa ya zamani. Huku pwani bado watu wanatoa sandukuni reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria, zile zenye mwaka 1780 hata kama zilipigwa miaka mingi baadaye. Masonara wa Unguja, Lamu na Oman waliziyeyusha kwa vizazi kufulia bangili za kekee na mafurungu ya miguuni. Reale moja ina gramu 28 na fedha 833 kwa elfu, si 925. Shaba yake ni zaidi ya maradufu ya ile uliyoizoea, kwa hiyo inakaza upesi. Punguza mapigo, ongeza moto. Mimi ya kwanza niliipasua, na ilikuwa ya bibi ya mtu.

Kwa hiyo matumizi yako ni haya: nyundo ya mbao, ambayo fundi seremala atakuchongea, nyundo moja bapa ya gramu 200 hivi utakayoitunisha uso kwa mikono yako, na hicho kichwa cha duara ulichonacho, kikishang'arishwa. Ishike nyundo mwisho wa mpini, si shingoni, na uiache ianguke kwa uzito wake. Mapigo mepesi yanayopandana kidogo yanatoa ile bahari ya wateja wako. Mapigo mazito yanatoa mashimo. Bamba likianza kujikunja kama jani, ni kwa sababu upande wa juu umetanuka kuliko wa chini. Lichome, ligeuze kifudifudi juu ya kitambaa, ulilaze kwa nyundo ya mbao.

Hizo bangili zilizopasuka usizilehemu. Lehemu itashika, ufa utafunguka pembeni yake. Zirudishe kwa fundi wa kumimina akupe vipini vya makabati.