Kwa fundi bomba anayeanza: fuata maji kabla ya kuzibua

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya bomba, mteja wa Dar es Salaam akikupigia simu mara nyingi ameshaamua dawa: anataka uje na asidi. Msikilize kwa heshima, ila asidi iache dukani. Bafu kunuka na maji kurudi ni matatizo mawili, hata yakitokea chumba kimoja, na kila moja lina njia yake ya kulitafuta.

Chini ya sinki na kwenye tundu la sakafuni pana trapu, ule mkunjo au kikombe kinachobaki na maji. Maji hayo, ya kina cha kama milimita 50, ndiyo yanayozuia hewa ya shimo la majitaka isipande ndani. Kwa hiyo bafu likinuka, swali la kwanza ni hili: maji ya trapu yamekwenda wapi?

Bafu la wageni lisilotumika trapu yake hukauka tu. Mwaga maji, mwambie mwenye nyumba awe anamwaga kila wiki, na usimtoze bei ya kazi kubwa. Kwingine utakuta kile kikombe cha trapu ya sakafuni kimeng'olewa kwa sababu kilikuwa kinakusanya nywele na kuchelewesha maji. Maji sasa yanakwenda mbio, lakini familia nzima inavuta hewa ya shimo. Kirudishe, uwaonyeshe jinsi ya kukitoa, kukisafisha na kukiweka tena. Hili linaniudhi sana, maana mara nyingi aliyeking'oa ni fundi mwenzetu.

Ngumu zaidi ni trapu inayonyonywa. Mtu akiflashi choo, unasikia tundu la sakafuni linaguguma. Maji yanayoshuka kwenye bomba la inchi 4 yanatafuta hewa. Kama bomba la kuingiza hewa halipo au limeziba, basi yanaivuta kupitia trapu ya jirani na kuondoka na maji yake. Hapo hata ukimwaga ndoo kila siku, harufu itarudi. Panda ukaangalie bomba la hewa. Kama halikuwekwa, liwekwe, mdomo wake upite juu ya paa na ukae mbali na madirisha. Ila usiishie hapo, kwa sababu mgugumo huohuo huwa pia dalili ya njia kuu kuanza kuziba.

Maji yakirudi, jaribu kifaa kimojakimoja. Kama ni sinki peke yake haipitishi, kazi iko palepale: fungua trapu yake, toa nywele na sabuni iliyoganda. Lakini kama ukiflashi choo maji yanafumuka sakafuni, tundu la sakafuni halina kosa. Lenyewe ndilo la chini kuliko vyote, hivyo maji yaliyokosa njia hutokea hapo kwanza. Acha kulichokonoa, toka nje ufungue chemba, kile kisanduku chenye mfuniko kilicho kwenye njia ya majitaka kuelekea shimoni.

Chemba ya kwanza ikiwa haina maji, uchafu umekwama kati yake na nyumba. Ikiwa imejaa, fungua inayofuata, na inayofuata, mpaka upate isiyo na maji. Palipoziba ni kati ya hiyo na ile iliyojaa. Hapo ndipo springi, ule waya mrefu wa kuzibulia, inaingia. Zote zikiwa zimejaa hadi shimoni, shimo ndilo limejaa. Wakati wa masika, maeneo ya bondeni maji ya ardhini hupanda na shimo hukosa pa kupeleka maji yake. Gari la kunyonya likija leo, baada ya siku chache mmerudi palepale. Mwambie mteja hivyo kabla hajalipia gari.

Pakiziba mahali palepale kila mara, usifurahie kuitwa tena. Kagua mteremko: bomba la inchi 4 linataka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Angalia na miti iliyo karibu, kwa sababu mizizi huingia kwenye maungio yaliyofungwa vibaya.

Kabla hujatia mkono popote, uliza wameshamwaga nini. Asidi ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya sumu, na kostiki soda iliyobaki kwenye bomba inaunguza macho na ngozi. Vaa glovu na miwani. Shimoni usiingie kamwe, hata mteja akiongeza hela. Gesi ya haidrojeni salfaidi ikiwa kidogo hunuka kama yai viza. Ikizidi, pua inaacha kuisikia, nayo inaendelea kuua. Anayeingia kumwokoa mwenzake hufia humohumo.

Ukimaliza, mwaga ndoo mbili kwa pamoja huku msaidizi akitazama chembani, maji yapite bila kusimama. Kisha kagua mfuniko wa chemba. Kama umepasuka au haukai sawa, ubadilishe au uzibe kingo zake, la sivyo harufu itaingia dirishani na mteja ataambiwa na fundi mwingine kwamba inatoka bafuni.