Omu za balbu iliyopoa si za balbu inayowaka
Mkuu, unasema mita imekosea kwa sababu ilisoma omu 65 tu kwenye balbu (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme). Hapana, hizo omu 65 ni za balbu iliyopoa. Balbu ya wati 60 kwenye volti 230 ikiwaka huvuta ampea 0.26 hivi, gawanya volti kwa ampea, utapata kama omu 880. Mita haikukosea. Waya wa ndani ni tungsteni, ukiwaka unafika karibu nyuzi 2,500 za Selsiasi, na hapo ukinzani unapanda zaidi ya mara kumi.

Kwa hiyo kitu cha moto kipime kikiwa moto: pitisha mkondo, soma volti, gawanya kwa mkondo huo. Volti ichukue kwa nyaya mbili za peke yake, zilizoshika kwenye sampuli yenyewe (kile unachopima), maana zile zinazopeleka mkondo nazo hupata joto na kukuongezea omu zisizo za sampuli. Mimi hupima hivyo elementi za tanuri. Ukitumia DC (mkondo wa upande mmoja, kama wa betri), geuza mkondo usome tena, uchukue wastani, kwa sababu maungio yenye joto tofauti huzalisha volti zake ndogo.

Ila nikromu, aloi ya nyaya za pasi na majiko, haisumbui hivyo. Ukinzani wake hupanda asilimia chache tu.