Kabla Hujakata Kizingiti: kwa anayetaka kufufua Morris Minor ya wazi

Ndugu yangu unayeanza, naijua picha uliyo nayo kichwani. Jioni, njia ya Nyali, Mombasa, turubai limekunjwa nyuma, upepo wa bahari unakupiga usoni. Nami nilikuwa nayo siku nilipoikuta Morris Minor ya wazi, gari la paa la turubai, chini ya mti wa mkungu, nyuma ya nyumba moja huko Likoni, imefunikwa kwa makuti chakavu na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Nilimlipa mama mwenye nyumba shilingi 120,000 siku ile ile, bila hata kulala chini nikaitazama tumboni. Ilinichukua miaka sita kuirudisha barabarani. Miwili kati ya hiyo ilikwenda kwa kurekebisha kosa la asubuhi moja, na hilo ndilo nataka ulikwepe.

Kwanza lielewe gari lenyewe. Morris Minor ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 kwenye maonesho ya magari ya Earls Court, London, na ya wazi ilikuwepo tangu mwanzo. Mbunifu wake ni Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kubuni gari dogo la Mini. Gari la majaribio lilipokuwa tayari aliliona jembamba, akaamuru lipasuliwe katikati kwa urefu na kuongezwa inchi 4. Ukisimama mbele ya boneti utaona ule mstari mpana uliolala bapa katikati: hizo ndizo inchi zenyewe.

Sasa lililo muhimu kwako. Gari hili halina chasi ya kujitegemea kama Land Rover, ambayo unaweza kuivua bodi yote na magurudumu yakabaki yanasimama. Bodi ndiyo mgongo. Kwenye saluni, yaani ile yenye paa la bati, paa hushika kazi pamoja na sakafu, kama kifuniko kinavyolikaza sanduku. Kwenye ya wazi paa ni kitambaa tu, halibebi kitu. Mzigo wote wa injini mbele na abiria nyuma unabebwa na sakafu pamoja na vizingiti viwili, yaani ule ubavu unaopita chini ya mlango, unaouvuka ukiingia. Kiwanda kililijua hilo. Kikaongeza bati nene zaidi ndani ya vizingiti na vyuma vya kukazia pembeni mwa dashibodi, pale nguzo ya mlango inapokutana na ukuta wa injini.

Ndiyo maana unapokwenda kununua, usianze na injini wala rangi. Beba sumaku, bisibisi nene, tochi, na mkeka wa kulalia. Pitisha sumaku juu ya kizingiti pole pole. Isiposhika, hapo pana puti, ule uji mzito wa kuzibia mashimo, na puti haibebi gari. Gonga kwa kishikio cha bisibisi. Bati zima hulia, lililooza hunyamaza. Kisha lala chini uangalie ule mhimili unaokatiza chini ya viti vya mbele, na mahali springi za nyuma zilipofungwa kwenye bodi. Itazame pia masta silinda ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki. Haikai kwenye chumba cha injini kama ulivyozoea, imefichwa ndani ya boriti ya sakafu upande wa dereva, na pale mahali huoza kimya kimya.

Kuna jambo lingine litakalokuokoa pesa nyingi. Yako magari ya saluni yaliyokatwa paa na kuuzwa kama ya wazi ya asili, na kama aliyekata hakuongeza vile vyuma vya kukazia, gari linajikunja barabarani. Fungua boneti usome kile kibati cha namba kwenye ukuta wa injini. Magari ya miaka ya 1960 yana herufi mwanzoni: MAT ni ya wazi ya kiwandani, MA2S ni saluni ya milango miwili. Namba hiyo ilingane na ya logbook, na logbook iwe na jina la anayekuuzia au la marehemu aliyemrithi, na karatasi za mirathi ziwepo. Mimi nilichelewa miezi mitano kwa sababu mama yule alikuwa hajabadilisha jina la mumewe. Hakuwa na kosa lolote, ni mimi niliyelipa kabla ya kuuliza.

Sasa ile asubuhi. Tuliinua gari juu ya stendi nne, mbili mbele kabisa na mbili nyuma kabisa, injini ikiwa bado ndani. Fundi akawasha grinda, na kwa vile vizingiti vyote viwili vilikuwa vimeoza, tukaona tumalize kazi kwa mkupuo: cha kushoto, kisha cha kulia. Saa tano hivi nilisikia mlio mdogo wa chuma, kama kitanda kinavyolia mtu akijigeuza. Sikuujali. Tulipotaka kufungua mlango wa dereva ukagoma. Nafasi iliyoko nyuma ya mlango, ambayo asubuhi kidole changu cha mwisho kilipita kuanzia juu hadi chini, huku juu sasa haikuingia hata kisu, na chini vikapita vidole viwili. Katikati ya gari palikuwa pamezama.

Tulisukuma kwa jeki, tukachomelea vizingiti vipya, tukapaka rangi ya msingi. Mlango ukafunga. Nilipolitoa kwa mara ya kwanza hadi barabara kuu, kila tuta mlango wa kushoto ulifunguka wenyewe. Mtoto wa dada yangu alikuwa amekaa upande ule. Nikarudisha gari gereji, tukakata kila kitu upya.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla grinda haijagusa chochote, acha milango ikiwa imefungwa, pima nafasi zake juu, katikati na chini, uandike kwenye daftari, pande zote mbili. Pima pia mshazari wa tundu la mlango, kona hadi kona. Kisha toa milango, chukua chuma cha mraba, kifunge kwa boliti kuanzia kwenye matundu ya bawaba hadi mahali komeo linaposhika, na kingine kitoke mlango wa kushoto hadi wa kulia kukatiza ndani ya gari. Punguza uzito: injini itoke. Stendi ziweke karibu na pale springi zinapobeba gari, uangalie vipimo vyako tena, na kama vimebadilika hata kwa milimita mbili, simama kwanza urekebishe. Kata upande mmoja tu. Bati jipya likikaa, lishike kwa vidoti vichache vya moto, rudisha mlango, ufunge na kuufungua. Mlango ukikubali, ndipo uchomelee moja kwa moja. Upande wa pili usiguswe mpaka wa kwanza umepoa na umepimwa.

Tumia mashine ya kuchomelea ya waya. Welding ya vijiti wanayotumia mafundi wa mageti hutoboa bati jembamba, kisha matundu yanazibwa kwa puti, na unarudi ulikoanzia.

Neno juu ya mchanga. Pwani utakutana na watu wanaotoa kutu kwa kupiga mchanga wa ufukweni kwa kompresa. Kataa. Mchanga ule una chumvi, na chumvi ikibaki ndani ya viungo, kutu itarudi chini ya rangi mpya kabla ya mwaka kuisha. Tena vumbi la mchanga laini huua mapafu, na fundi mwenyewe mara nyingi amejifunga leso tu puani. Mimi nilitumia brashi ya waya na dawa ya kutu, na nikaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara tatu kabla ya rangi. Ndani ya vizingiti nyunyiza nta, na vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango visizibwe na rangi.

Injini haitakusumbua sana. Nyingi zilizobaki zina ya cc 948 iliyoingia mwaka 1956, au cc 1098 ya kuanzia 1962, za familia moja na injini ya Mini, kwa hiyo spea zinapatikana, na Uingereza bado wanatengeneza hata mabati ya gari hili. Kumbuka tu kwamba magari haya yalitoka kiwandani upande chanya wa betri ukiwa umefungwa kwenye bodi. Mwambie fundi wa umeme kabla hajagusa waya wowote, maana mazoea yake ni kinyume, na redio ya kwanza niliyofunga iliungua kwa dakika moja.

Lakini usikubali kuondoka gereji bila kuangalia mguu wa mbele. Chini yake kuna kiungo chenye uzi wa skrubu, na gurudumu lote hugeukia hapo. Kikikosa grisi uzi huliwa, kiungo kinachomoka, na gurudumu hulala ubavuni. Mara nyingi hutokea ukiwa mwendo mdogo unakata kona, ndiyo maana wengi wamesalimika, lakini si jambo la kulitegemea. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, badilisha vyote viwili. Grisi tia kila kilomita 1,500, huku uzito ukiwa umeondolewa kwenye gurudumu, mpaka uione ya zamani ikitoka.

Turubai liwe la mwisho kabisa. Fremu yake ipakwe mafuta, ikunjwe na kukunjuliwa mara kumi, vioo viwe mahali pake, ndipo mshonaji aje kupima juu ya gari lenyewe. Wangu alipimia turubai la zamani lililokwisha kusinyaa, akashona jipya fupi kwa upana wa viganja viwili. Alikuwa muungwana, akarudia kwa gharama ya kitambaa tu. Na mvua ya masika ikikunyeshea, usilikunje likiwa bichi. Mimi huliacha limekunjuliwa usiku kucha barazani na feni imewashwa, na asubuhi napitisha mkono kwenye mishono kuona kama pamekauka.