Mikroglia huzeeka, haziletwi upya na damu

Umesema mikroglia, yaani seli za kinga za ubongo, haziwezi kuzeeka kwa sababu damu huleta mpya. Hapana mkuu, hizo si kama chembe nyeupe za damu zinazotengenezwa upya kila siku kwenye uboho. Mikroglia huingia ubongoni mimba ikiwa bado changa sana, kisha hujigawa humohumo maisha yote, ndiyo maana uzee unazikuta. Seli iliyozeeka huacha kugawanyika lakini haifi, na hapo ndipo ubaya ulipo: inaendelea kumwaga kemikali za uvimbe kama IL-6 zinazochokoza seli jirani, huku kazi yake ya kuzoa taka ikizorota.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa Mayo Clinic, Marekani, uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2018. Panya wenye ugonjwa wa tau, protini inayojikunja mafundo ndani ya seli za ubongo, waliondolewa seli zenye p16, alama ya seli iliyozeeka (mikroglia na astrosaiti, seli nyingine za kuhudumia neva), na mafundo ya tau yakapungua, kumbukumbu ikahifadhiwa. Ila walianza mapema, kabla ugonjwa haujashika, tena ni panya.

Kwa hiyo tafadhali, asiende mtu Kariakoo kuulizia dasatinibu, dawa inayojaribiwa kuua seli zilizozeeka, ya kumpa mzee anayesahau. Ni dawa ya saratani ya damu, inashusha chembe sahani (za kugandisha damu) na inaweza kujaza maji kuzunguka mapafu.