Kiwanja Tabora, mwenye nyumba Muscat: maswali ya wasomaji kuhusu ujenzi

Barua za toleo hili zimetoka kwa watu wanaojenga Tabora na Kigoma huku wakiishi mbali. Hatukuweka bei za shilingi, kwa sababu mfuko wa saruji haukai bei moja miezi miwili. Tumeweka idadi. Ukiwa nayo, bei ya wiki hiyo utaipata kwa simu moja dukani.

*Shikamooni wahariri. Nafanya kazi Muscat. Nina kiwanja kilichopimwa Ipuli, Tabora. Fundi aliyeletwa na kaka yangu ametaja bei moja ya kunifikishia boma (kuta bila paa) la mita 12 kwa 10 hadi linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), vyumba vinne, "kila kitu ndani". Nitajuaje kama ni bei ya haki? – Dada wa Ipuli*

Marahaba, dada. Bei moja ya jumla huwezi kujua ni ya haki wala ya dhuluma, kwa sababu haina kitu cha kuhesabu. Mwombe fundi aivunje: vifaa kwa idadi, ufundi kando, usafiri kando. Akikataa kuivunja, tafuta mwingine. Wewe mwenyewe unaweza kufika karibu na ukweli kwa karatasi na kikokotoo.

Kuta za nje ni mita 44. Za ndani, kwa vyumba vinne, sebule, jiko na vyoo, chukua mita 40. Jumla mita 84. Zege la chini ya msingi, upana sentimita 60 na unene 20, ni mita za ujazo 10 hivi. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6, yaani saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita, kila mita ya ujazo inakula mifuko 4.4 ya saruji, basi weka 44. Jamvi, yaani zege la sakafu, la sentimita 10 kwa mita za mraba 120 ni mita za ujazo 12. Hili ni 1:2:4, mifuko 6.3 kwa kila moja, kwa hiyo 76. Linta ya sentimita 15 kwa 20 ikizunguka kuta zote ni mifuko 16.

Tofali la inchi 6 ukilisimamisha, mita moja ya mraba inachukua 8.5. Ukililaza, 12.5. Ukuta wa mita tatu kwenda juu, ukitoa milango na madirisha, unabaki na mita za mraba 212 hivi. Kusimamisha ni tofali 1,800, ongeza za kuvunjika zifike 1,890. Kulaza zitazidi 2,700. Hapo ndipo bei za mafundi wawili hutofautiana sana bila hata mmoja wao kusema uongo, kwa hiyo mkataba uandikwe ni kulaza au kusimamisha. Msingi wenyewe tunashauri ulazwe: kwa kina cha sentimita 90 ni tofali 945 nyingine.

Ukikubali tofali 25 zifyatuliwe kwa mfuko mmoja wa saruji, na ukaongeza saruji ya kujengea, boma lote linafika linta kwa mifuko karibu 290. Fundi akikuandikia 400, mwulize mifuko 110 inakwenda wapi. Akikuandikia 180, uliza swali hilohilo kwa wasiwasi zaidi. Kuna wafyatuaji wanaotoa tofali 40 kwenye mfuko mmoja. Tofali hilo lina lita 15.5, kwa hiyo lita 35 za saruji zimetapanywa kwenye lita 620. Likwaruze kwa msumari: likimomonyoka kama sukari, lirudishwe kabla halijashushwa.

Nondo zipimwe kwa mizani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.7. Ile iliyochongwa hadi milimita 10.5 inafika kilo 8.2 tu, na kwa macho hutaijua. Linta yako ya nondo nne inahitaji 31 pamoja na za kupishanisha, na ringi (vyuma vya kuzifunga nondo pamoja) za milimita 8 kila sentimita 20, jumla ringi 420. Mchanga na kokoto usinunue kwa "tripu". Kaka apime bodi la lori kwa futi kamba: mita 4 kwa 2 kwa 0.6 ni mita za ujazo 4.8, na jamvi lako linataka 10.6 za kokoto na 5.3 za mchanga.

Jamvi ndipo penye mchezo mkubwa, kwani likishafunikwa hakuna anayelipima. Likimwagwa sentimita 7 badala ya 10, mifuko 23 imetoka saiti usiku. Dai picha yenye futi kamba kwenye kingo za mbao pande zote nne kabla zege halijamwagwa, na isiwe picha ya kaka amesimama mbele ya lori. Kisha limwagiliwe siku saba. Kiangazi cha Tabora kina upepo mkavu, na jamvi lisilonyweshwa hupasuka nyufa za nywele wiki ya kwanza.

Ufundi ulipe kwa hatua zilizopimwa, yaani msingi, jamvi, boma, kupaua na kuezeka, na ubakize asilimia 5 hadi 10 mpaka mvua za kwanza zipite. Jua pia kwamba boma likiisha bado hujafika. Paa, madirisha, umeme, maji, plasta na vigae vikianza, wengi hukuta boma lilikuwa nusu tu ya safari, pengine pungufu.

*Niko Doha. Kiwanja changu kipo nje kidogo ya mji wa Tabora. Fundi anasema udongo ni mbuga na msingi utanigharimu karibu mara mbili. Ananipiga?*

Huenda anakuokoa. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na nyumba hupanda na kushuka nao kila mwaka. Nyufa zake utazitambua: zinaanzia kona za madirisha na kupanda kwa mshazari. Chimbisha shimo la mita moja na nusu mwezi wa nane au wa tisa. Ukiona nyufa pana ardhini na udongo unaong'aa ukikatwa kwa jembe, ni kweli.

Mbuga ikiwa nyembamba, iondolewe yote na kujazwa changarawe inayoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15. Ikiwa nene, mhandisi atakuchorea msingi wenye mkanda wa zege na nondo juu na chini, au jamvi zima la nondo. Kumlipa mhandisi ni nafuu kuliko kubahatisha. Na kama hujajenga bado, bei ya kiwanja kingine chenye udongo wa kichanga kwenye mwinuko iingize kwenye hesabu, maana mara nyingi tofauti ya viwanja ni ndogo kuliko tofauti ya misingi. Kabla ya jamvi, dawa ya mchwa. Tabora bila dawa ya mchwa, fremu za milango hazikai.

*Naishi Uingereza. Nimenunua ramani mtandaoni, nyumba ya kisasa yenye paa lililofichwa. Nataka niijenge Kigoma. Kuna ubaya?*

Ubaya haupo kwenye picha. Paa lililofichwa ni bati la kawaida lililozungushiwa ukuta, na huo ukuta haumo kwenye bei uliyopewa. Bati likiteremka upande mmoja kwa mita 10 kwa mteremko wa nyuzi 10, upande wa juu unainuka mita 1.76, na ukuta lazima upite hapo. Ukiligawa literemke pande mbili, kimo kinashuka hadi sentimita 88. Hata ukuta wa mita moja tu kuzunguka nyumba ya mita 12 kwa 10 unaongeza tofali 374, na plasta na rangi kwa mita za mraba 88, ndani na nje.

Kisha maji. Milimita 50 zikinyesha kwa saa moja juu ya paa hilo ni lita 6,000, na zote zinapita kwenye gata lililojificha nyuma ya ukuta. Majani mawili matatu yakiziba tundu, maji yanapanda juu ya bati na kushukia kwenye dari ya gipsamu. Gata liwe na upana wa sentimita 30 ili mtu aingie kulisafisha, na ukuta utobolewe matundu ya dharura chini ya usawa wa bati. Mtu anayeishi Uingereza hapandi juu kusafisha gata. Kwa maoni yetu, nyumba itakayokaa na mlinzi tu iezekwe paa la kawaida lenye upenu.

Ramani yenyewe haitapita halmashauri ilivyo. Ipeleke kwa mbunifu majengo aliyesajiliwa aichore upya kwa ajili ya kibali, na akifika hapo mwombe apunguze kona. Kila kona ni ukuta, msingi na mkato wa bati.

*Mume wangu ni raia wa Ubelgiji. Tumependa kiwanja Bangwe, Kigoma, kinachoteremka hadi ziwani. Tukinunue kwa jina lake, kwa kuwa fedha ni zake?*

Hapana. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 hakiruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na nyumba ya kuishi si uwekezaji. Hati iwe kwa jina lako, ikiwa wewe bado ni raia. Naye hajaachwa hewani: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Msimwandikishe shemeji "kwa muda". Mkiwa nje, shemeji apewe hati ya uwakilishi iliyosainiwa ubalozini, inayotaja kazi gani afanye na ipi asifanye, kuuza ikiwemo.

Kuhusu ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni zisijengwe, na Ziwa Tanganyika limepanda miaka ya karibuni, kwa hiyo ukingo wa leo si ule wa kwenye ramani ya zamani. Pimeni upya kabla ya kulipa. Kipande kitakachobaki ndicho mnachonunua.

Mteremko nao unakula fedha. Wengi hukata kilima, humwaga udongo upande wa chini, na kusimamisha nusu ya nyumba juu ya kifusi. Baada ya masika mawili nusu hiyo imeshuka. Ni heri nyumba ifuate mteremko kwa ngazi mbili za jamvi, kila moja juu ya udongo wa asili. Ukuta wa kuzuia udongo uwe na kokoto nyuma yake na matundu ya bomba la inchi 2 kila mita moja na nusu. Ukuta usiotoa maji husukumwa na maji, hata uwe mnene kiasi gani. Na linta izunguke nyumba nzima bila kukatika: Bonde la Ufa la Ziwa Tanganyika lina matetemeko, na la Desemba 2005 lilifika 6.8.

*Vifaa ninunulie Dar es Salaam au Kigoma kwenyewe? – Msomaji, Doha*

Saruji nunua Kigoma, kwa awamu. Lori la tani 30 linabeba mifuko 600, boma lako halifiki hapo, na saruji iliyokaa miezi mitatu ghalani imeanza kupoteza nguvu. Vigae, vyoo, koki, nyaya na vioo vya madirisha vinaweza kulipa kuvitoa Dar, mkishirikiana gari na mwingine. Ongeza asilimia 5 ya vigae, kwani kimoja kikivunjika hutapata rangi ileile. Ukilinganisha bei, linganisha bei ya kufika saiti. Na mkataba uandikwe kwa shilingi; tangu 2025 kanuni zinakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo anayekudai dola kwa kisingizio kwamba uko nje mwambie akupe bei upya.