Chemchemi kulimwa hadi kingoni: sheria ndogo ya kijiji ilivyotusaidia Kibosho

Ndugu mleta uzi, umeuliza kwa nini chemchemi ya kijiji chenu inaendelea kulimwa hadi kingoni ilhali sheria ipo, na kama wananchi wana nafasi yoyote zaidi ya kulalamika. Nilikuwa katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu Kibosho, juu ya Moshi, tatizo hilo lilipotufika, hivyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Kila mtu kijijini alizitaja hizo mita 60, lakini hakuna aliyejua zinaishia wapi. Siku tuliyopima, kwa kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita 10, fundo la sita liliangukia katikati ya kihamba, yaani shamba la ukoo, cha mzee mmoja, kwenye migomba na mibuni aliyoachiwa na baba yake. Akatuuliza, "Mnaitoa migomba, au mnanitoa mimi?" Tulikunja kamba tukaondoka.

Tulichokosa ni kikao. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ila ni lazima kwanza iitishe mkutano wa wakazi na kupokea maoni yao, kisha rasimu iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Katika mkutano wetu, mzee yule yule ndiye aliyependekeza kwamba migomba iliyopo izeeke yenyewe bila mingine kupandwa, jembe na dawa visiingie tena, mikaratusi ing'olewe, na mpaka uwe wa masale, mmea wa majani marefu unaoheshimiwa kimila. Nasi tulikuwa tumeandaa nguzo za zege! Jiwe la mpaka huhamishwa usiku, lakini isale kwetu Uchaggani mtu huliogopa hata gizani.

Tulipoipeleka rasimu wilayani mara ya kwanza ilirudishwa, kwa sababu muhtasari wa mkutano haukuwa na orodha ya mahudhurio yenye sahihi, kwa hiyo hilo mlizingatie mapema. Aidha, jisajilini kuwa jumuiya ya watumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kwa sisi wa huku, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina makao yake hapa hapa Moshi.

Faini ya kwanza chini ya sheria yetu ndogo ilimwangukia mjumbe wa kamati yetu wenyewe, aliyekutwa akisuuza bomba la kupulizia dawa ya kahawa kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa maji, hatua chache chini ya chemchemi. Baadhi yetu walitaka asamehewe kimya kimya. Alilipa, na nakala ya stakabadhi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji.